Kituo, Fidia na Posho: Maneno Matatu ya Baraza la Mji

Katika miji ya Uingereza si jambo geni baraza la mji kukaa jioni moja na kuamua mambo matatu ambayo kwa sura ya nje hayafanani hata kidogo: wakaaji wakapigie kura wapi, mpangaji anayeondolewa katika nyumba ya baraza alipwe nini, na madiwani wenyewe wapokee posho ya kiasi gani. Karatasi ya ajenda huyataja moja baada ya jingine kana kwamba ni ndugu wa ukoo mmoja. Mkongomani asomaye karatasi ya namna hiyo ana sababu ya kushangaa, kwa maana katika nchi yake mambo hayo yametawanywa mikononi mwa watu mbalimbali. Mahali pa kura huwekwa na Tume ya Uchaguzi, yaani CENI. Fidia ya nyumba iliyobomolewa hutafutwa kwa serikali, mahakamani au mlangoni pa kampuni ya migodi. Na malipo ya wachaguliwa hutegemea sheria pamoja na hali ya hazina.

Hata hivyo, tarehe 20 Desemba 2023 wakaaji wa komini zilizomo katika miji mikuu ya majimbo walichagua washauri wa komini, siku ile ile waliyomchagua Rais wa Jamhuri na wabunge. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 ilikuwa imekwisha kuifanya komini kuwa mamlaka yenye baraza lake la kujadili na kuamua. Kwa hiyo maneno ya baraza si mali ya wageni tena. Makala haya yanakusudia kuyaeleza matatu kati yake, yaani kituo, fidia na posho: yana maana gani katika sheria, yametoka wapi katika lugha, na namna gani tafsiri isiyo makini inaweza kumgharimu mtu kura yake au nyumba yake.

Tuanze na mahali pa kura, jambo ambalo ni jepesi kuliko mengine. Kifaransa cha uchaguzi nchini Kongo hutofautisha «site de vote» na «bureau de vote». La kwanza ni uwanja wa shule, parokia au jengo lingine ambamo watu hukusanyika. La pili ni chumba kimojawapo cha jengo hilo, chenye orodha yake ya majina. Mfasiri mwenye haraka huandika «ofisi ya kura» kwa lile la pili. Lakini kwa mkaaji wa Lubumbashi au Bukavu ofisi ni mahali pa mkubwa, penye meza, karani na muhuri. Mama aliyeambiwa aende katika ofisi ya kura aweza kwenda kwenye jengo la komini, akakuta mlango umefungwa, na huku jina lake limebandikwa ukutani katika darasa la tatu la shule ya jirani. Mwaka 2023 vyumba vingi vilichelewa kufunguliwa, hata CENI ikaruhusu vile ambavyo havikufanya kazi tarehe 20 vifanye kazi siku iliyofuata. Katika hali kama hiyo kila neno lisilo wazi humwongezea mtu mwendo wa miguu.

Kiswahili cha Tanzania na Kenya kimeshika neno «kituo», ambalo asili yake ni kutua: mahali pa kuweka mzigo chini na kupumzika. Ni neno zuri, lakini nalo hubeba mambo mawili kwa pamoja. Shule moja huitwa kituo, na kila chumba ndani yake huweza kuitwa kituo kwa namba yake. Nchini Kenya sheria iliyorekebishwa mwaka 2017 iliweka kikomo cha wapigakura 700 kwa kila kituo, na hapo kituo maana yake ni chumba, wala si shule nzima. Sheria ya Uingereza imetenga ngazi tatu: mtaa wa kura, mahali pa kura palipo ndani ya mtaa huo, na chumba chenyewe. Baraza ndilo linaloamua ngazi mbili za kwanza, na tangu sheria ya mwaka 2013 hulazimika kuzipitia upya kila baada ya miaka mitano, likiwasikiliza wakaaji na kuangalia kama wenye ulemavu wanaweza kufika. Ngazi ya tatu ni ya msimamizi wa uchaguzi. Kwa Kiswahili cha Kongo ingetosha kusema «kituo» kwa uwanja na «chumba cha kura» kwa kile ambacho Wafaransa hukiita «bureau». Neno ofisi liachwe kwa makarani.

Lakini kwa nini mambo haya madogo yanagombewa katika mabaraza? Jibu limo katika neno kura lenyewe. Limetoka katika Kiarabu, ambako lilikuwa na maana ya kupiga bahati nasibu: watu walioshindwa kugawana kitu walitupa kijiti au kokoto, na aliyeangukiwa hakuwa na wa kumlaumu. Kiswahili hakijaisahau maana hiyo. Warithi huweza hata leo kupigia kura shamba. Kura ya namna hiyo haijali mtu anasimama wapi. Kura ya uchaguzi yajali sana. Mwaka 1988 chama cha KANU nchini Kenya kiliwaamuru wanachama wake wapange foleni nyuma ya mgombea au picha yake wakati wa kuteua wagombea, na Wakenya wakaupa utaratibu huo jina la «mlolongo», ambalo mpaka leo hutajwa kwa uchungu. Rwanda ilitumia foleni katika chaguzi za ngazi za chini mwaka 1999, na Uganda katika zile za vijiji mwaka 2018. Katika foleni mahali aliposimama mtu ndipo kura yake ilipo, na jirani, mwenye nyumba na mkuu wa mtaa wote wanamwona. Kituo chenye pazia kilivumbuliwa ili kumtenganisha mtu na macho hayo.

Historia ya Katanga yenyewe inatoa mfano mwingine. Dekreti ya tarehe 26 Machi 1957 juu ya hali ya miji ilileta uchaguzi wa washauri wa komini mwezi Desemba mwaka huo huo katika Léopoldville, Elisabethville na Jadotville. Waliopiga kura walikuwa wanaume tu, wenye umri wa miaka 25 na kuendelea. Katika komini za Waafrika za Elisabethville hakupatikana hata «bourgmestre» mmoja mwenye asili ya Katanga. Wengi wao walikuwa wana wa Kasai. Mwezi Oktoba 1958 kikaundwa chama cha CONAKAT, na yaliyofuata mpaka kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960 yanajulikana. Si haki kusema kwamba uchaguzi wa komini ndio uliozaa vita. Lakini asemaye kwamba uchaguzi wa komini ni mchezo wa watoto, huyo hajasoma historia ya mji wake.

Neno la pili ni fidia, na hapa inafaa kukawia, kwa sababu ndipo penye hasara kubwa zaidi.

Fidia nalo limetoka katika Kiarabu. Hapo mwanzo lilikuwa ni kikombozi, mali itolewayo ili mtu au nafsi iachiliwe. Waislamu hulijua kama malipo ya aliyeshindwa kufunga. Wakristo hulikuta katika tafsiri ya Injili ya Marko, pale ambapo Mwana wa Adamu anatoa nafsi yake kwa ajili ya wengi. Hivyo basi neno lilikuwa zito kabla halijaingia katika vitabu vya sheria. Anayetoa fidia hatoi zawadi. Anakubali kwamba kuna kitu kilichoshikwa ambacho hakiwezi kushikwa bure. Wasemaji wa Kiswahili bado wanasikia uzito huo, na ndiyo sababu mtu aliyebomolewa nyumba hukataa kuambiwa kwamba amepewa «msaada».

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 34, yasema kwamba mali ya mtu ni takatifu, wala haichukuliwi ila kwa faida ya umma, na kwa kulipa kwanza «indemnité» iliyo ya haki. Sheria namba 77-001 ya tarehe 22 Februari 1977 inaeleza taratibu zake. Sasa neno «indemnité» katika Kifaransa lina watoto wawili wasiofanana. Ni malipo ya aliyenyang'anywa ardhi au nyumba. Tena ni malipo ya mbunge au mshauri kwa kazi yake. Asili yake katika Kilatini ni kutokuwa na hasara: wa kwanza arudishiwe alichopoteza, na wa pili asiingie hasara kwa kuwatumikia wenzake. Kiswahili kina bahati ya kuwa na maneno mawili tofauti kabisa. Mfasiri anayeandika fidia katika sehemu zote mbili anawageuza madiwani kuwa watu waliobomolewa nyumba. Naye anayeandika posho katika sehemu zote mbili anamgeuza aliyebomolewa kuwa kibarua apewaye chakula cha juma. Kosa hili la pili ndilo baya zaidi, kwa maana posho mtoaji huweza kuipunguza au kuikatisha, na fidia ni deni.

Wanaofasiri kutoka Kiingereza hawajaokoka. Kanuni za Tanzania za mwaka 2001 juu ya kukadiria thamani ya ardhi zinaongeza, juu ya bei ya ardhi na jengo, malipo ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi na ya faida iliyopotea. Malipo ya makazi hupatikana kwa kuzidisha kodi ya mwezi mmoja mara 36. Yale ya usafiri huhesabiwa kwa mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20. Lugha ya Kiingereza imeyaita mengi ya malipo hayo kwa neno lile lile linalotumika kwa marupurupu ya watumishi, na kwa hiyo katika karatasi za Kiswahili yamekuwa «posho ya usumbufu» na «posho ya makazi». Deni limevikwa nguo za hisani.

Na mpangaji je? Karibu sheria zote zilizotajwa zinaanza na mwenye mali. Nyumba yenye mwenyewe mmoja na wapangaji sita inapobomolewa, wakadiriaji hupima kuta, bati na ardhi, na hundi huandikwa kwa jina la mmoja. Wale sita wamepoteza makao, majirani, pengine na kibanda cha kuuzia mkaa, lakini hawakupoteza mali kwa maana ya sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 40, ilifungua dirisha dogo: inaruhusu kuwalipa pia wakaaji wa nia njema wasio na hati ya ardhi. Uingereza ilikuwa imekwenda mbali zaidi kwa sheria ya mwaka 1973. Huko mpangaji aliyeishi katika nyumba mwaka mzima, ikiwa ndiyo makao yake, hulipwa kiasi maalumu kwa sababu moja tu, yaani amepoteza makao. Mwezi Oktoba 2023 kiasi hicho kilipandishwa mpaka pauni 8,100, mbali na gharama za kuhama. Hapa hakuna anayeuliza ukuta ulikuwa wa nani. Kinacholipwa ni ule uzoefu wa kuamka mahali fulani kila siku, na ni ajabu kwamba wanasheria, watu wakavu kama wanavyosemwa, waliweza kuuwekea bei.

Katika Katanga jambo hili si la vitabuni. Huko Kolwezi mgodi wa wazi umekuwa ukipanuka katikati ya makazi ya Cité Gécamines tangu mwaka 2015, na mwaka 2023 ripoti ya Amnesty International pamoja na shirika la IBGDH ilieleza jinsi jamaa zilivyohamishwa na kulalamikia kiasi walicholipwa. Kanuni ya migodi ya tarehe 8 Juni 2018 ina kiambatisho kizima, cha 18, juu ya kuhamisha watu, na kichwa chake hutaja «indemnisation» na «compensation» kama mambo mawili. La kwanza ni kulipa hasara. La pili ni kurudisha kwa namna nyingine, kwa mfano shamba kwa shamba. Kiswahili kina fidia kwa yote mawili. Mtu aliyesikia katika mkutano kwamba atapata fidia hajui kama atashika fedha au ataonyeshwa kiwanja kilicho mbali na mji. Ingefaa kusema «fidia ya fedha» na «fidia ya badala», na kusema hivyo kabla ya mtu kutia kidole chake katika wino.

Kuhusu neno mpangaji lenyewe, lugha imefanya mzaha. Kupanga ni kukaa katika nyumba ya mwingine kwa kulipa. Kupanga pia ni kuweka vitu kwa utaratibu. Kwa hiyo anayekaa chumbani ni mpangaji, na mtaalamu mwenye ramani anayeamua kwamba chumba hicho kipishe barabara naye ni mpangaji, mpangaji wa mji. Neno kodi hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa humwendea mwenye nyumba na serikali kwa jina moja. Katika sentensi kama «wapangaji watashauriwa kuhusu kodi» msomaji hawezi kujua ni nani atashauriwa, wala juu ya nini. Wakaaji wa Lubumbashi wengi hukwepa shida hii kwa kutumia neno la Kifaransa, «locataire». Wasafi wa lugha hawapendi, lakini katika mkataba wa nyumba uwazi una thamani kuliko usafi. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 imeweka kikomo cha dhamana ya nyumba ya kukaa kuwa kodi ya miezi mitatu, na wako wapangaji wengi wanaodaiwa zaidi ya hapo kwa sababu sheria hiyo hawajaisikia katika lugha waielewayo.

Limebaki neno posho. Katika misafara ya karne ya kumi na tisa posho ilikuwa ni chakula cha mpagazi, au kitambaa na shanga za kununulia chakula njiani. Katika kambi za wafanyakazi wa migodi ya Katanga likawa jina la unga, mafuta na samaki waliogawiwa kwa kipimo na kwa siku maalumu. Mgao huo ulishika maisha ya watu kiasi kwamba katika Lingala «poso» imekuwa jina la juma lenyewe, yaani siku saba toka mgao mpaka mgao. Nchini Uganda posho ni ugali wa mahindi. Masimulizi ya wazee juu ya kambi na nyumba za Wazungu yalikusanywa na André Yav mwaka 1965 katika maandishi juu ya mji wa Elisabethville, yaliyoandikwa kwa Kiswahili cha huko na kuchapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990. Atafutaye Kiswahili cha wafanyakazi hao hana budi kuyapitia.

Neno hili la mpagazi na mchimbaji limepandaje hadi kiti cha diwani? Kupitia Kiswahili cha ofisi cha Tanzania, ambacho kina posho ya kikao, posho ya safari na posho ya madaraka. Kenya imependelea «marupurupu», na sauti ya neno hilo inasaliti maoni ya wananchi. Mwaka 2011 mbunge Zitto Kabwe wa Tanzania alikataa kupokea posho ya kikao, akisema kwamba mbunge analipwa mshahara kwa kazi hiyo hiyo ya kukaa bungeni. Uingereza ilipambana na shida ile ile. Kwa miaka mingi madiwani wake walilipwa kwa kila kikao, na malipo ya kikao huzaa vikao. Baada ya sheria ya mwaka 2000 utaratibu huo uliachwa. Kanuni za mwaka 2003 zikaweka posho ya msingi iliyo sawa kwa kila diwani, pamoja na nyongeza kwa wenye majukumu makubwa. Kabla ya kuamua, baraza hulazimika kupokea shauri la jopo la watu huru wasiopungua watatu, ambao si madiwani. Shauri hilo si amri: baraza laweza kulikataa, lakini litalikataa hadharani, na wapangaji waliokuwa katika ajenda ya jioni hiyo hiyo watasoma gazetini ni nani aliyejiongezea.

Wengine hudai kwamba mchaguliwa wa kweli angetumika bure. Hoja hiyo ni ya watu wenye mali. Baraza lisilolipa chochote litajaa wafanyabiashara na wenye nyumba za kupangisha, na mwalimu au mama wa sokoni hataingia, kwa kuwa siku ya kikao ni siku ya kukosa riziki. Hapo ndipo maana ya kale ya posho inapofaa: chakula cha njiani kwa aliyebeba mzigo wa wengine, kisichozidi safari.

Hata cheo chenyewe kina kumbukumbu hiyo. Diwani ni neno la Kiajemi lililopita katika Kiarabu, na katika karne ya saba, chini ya Khalifa Umar bin Khattab, lilikuwa daftari la majina ya watu waliostahili kupokea malipo kutoka hazina. Baadaye likawa ofisi, kisha baraza, na pia kitabu cha mashairi ya mtu mmoja. Katika pwani ya Mrima na huko Vumba likawa cheo cha watawala wa miji, ambao walipokea ada kutoka kwa wageni na wafanyabiashara. Kongo haijalipokea; Kiswahili chake husema «mshauri», kwa kufuata Kifaransa. Ni chaguo lenye faida yake, kwa sababu mshauri ni mtu wa shauri, aliye na wa kumshauri na wa kushauriana naye. Ila mtafsiri wa maamuzi ya komini aangalie sentensi moja ambayo haitakosa kumjia mezani, ile isemayo kwamba baraza limepanga «indemnité» za washauri na za wapangaji wa mtaa fulani. Kwa Kifaransa ni neno moja mara mbili. Kwa Kiswahili iandikwe: posho za washauri, na fidia za wapangaji.